Madaftari Sitini, Swali Moja: Kwa Nini Mfumo Husema Data Haipo Wakati Ipo

"Kaka, mfumo unasema huyu fundi hajawahi kununua saruji kwetu, na risiti zake hizi hapa."

Maneno hayo ni ya mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, aliyeniita nimtazamie kompyuta yake. Fundi alikuwa anaomba punguzo wanalopewa wateja wa siku nyingi, na risiti zake zilirudi nyuma hadi mwaka 2019. Skrini ilimwonyesha kama mtu aliyeingia dukani kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kauli za namna hii zimekuwa sehemu ya maisha yetu. Unafika dirishani, karani anatazama kioo, anakwambia taarifa zako za zamani hazionekani. Ukiuliza zimekwenda wapi, jibu ni kwamba mfumo hausomi. Watu wanaondoka wakiamini data imefutika, au kuna mtu kaichezea, na ubishi wa vijiweni huanzia hapo. Yapo matukio ambapo kweli imefutika. Lakini katika duka lile hapakuwa na kilichofutika wala kilichochezewa. Manunuzi ya fundi yalikuwa ndani ya kompyuta ileile, yamekaa katika majedwali ambayo skrini ilikuwa hailiangalii hata moja. Jambo hili linasumbua maduka, shule, zahanati na vikundi vya kukopeshana, na linaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuandika mauzo kwenye kaunta buku.

Tuanze na maneno. Kanzidata, au hifadhidata kama wengine wanavyoiita, ni ghala la taarifa zilizopangwa ili kompyuta iweze kuzitafuta. Ndani yake mna majedwali. Jedwali lifikirie kama ukurasa wa kaunta buku uliopigwa mistari: juu kuna vichwa, yaani tarehe, mteja, bidhaa, kiasi, na chini ya kila kichwa inashuka safu yake. Kila mauzo ni mstari mmoja. Jedwali lina jina, kama daftari linavyoandikwa jina kwenye jalada. Na ukitaka kujua jambo, unaiandikia kanzidata swali kwa lugha iitwayo SQL, iliyobuniwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, juu ya nadharia ambayo mwenzao Edgar Codd aliichapisha mwaka 1970.

Sasa rudi dukani. Aliyeutengeneza mfumo ule aliamua kwamba kila mwezi uwe na jedwali lake. Januari 2019 ikaitwa mauzo_01_2019, Februari ikawa mauzo_02_2019, hivyo hivyo mpaka mauzo_12_2023. Miaka mitano, miezi kumi na miwili kila mwaka: majedwali 60. Skrini ya mauzo ilikuwa inasoma jedwali la mwezi uliopo tu. Fundi alipokuja mapema mwezini, kabla hajanunua kitu, kwa skrini ile hakuwa mteja.

Wazo la madaftari mengi halikutoka hewani. Kaunta buku ikijaa unanunua nyingine, na ya zamani unaiweka kabatini. Binadamu akipekua daftari lenye kurasa elfu huchoka, kwa hiyo kugawa kwa mwezi kunampunguzia kazi. Tatizo ni kwamba kompyuta haipekui kama sisi, na kile kilichotusaidia kwenye karatasi kinaibana.

Tazama jina lenyewe: mauzo_01_2019. Ndani yake mna taarifa mbili, mwezi na mwaka, lakini zimekaa kwenye jalada badala ya kukaa ndani ya ukurasa. Wewe na mimi tukiliona tunajua ni Januari. Kanzidata haijui. Kwake mauzo_01_2019 na mauzo_02_2019 ni majina mawili tu, kama vile Asha na Aisha: yanakaribiana kwa sauti, lakini hakuna kinachoiambia kompyuta kwamba ni ndugu. Ukimuuliza Asha, Aisha hajibu. Karibu kila shida iliyobaki katika makala hii inatoka hapa, kwenye kuweka taarifa ndani ya jina wakati mahali pake ni kwenye safu.

Wengi huuliza: kwa nini basi nisiandike swali linalosema "niletee kutoka kila jedwali linaloanza na mauzo"? SQL ya kawaida hairuhusu. Kabla ya kujibu, kanzidata hutengeneza mpango wa safari: majedwali gani yatasomwa, yana safu zipi, kila safu ina namba au maandishi, njia ipi ni fupi. Dereva wa basi la mikoani anapotoka stendi anajua atapita wapi. Haondoki na tiketi iliyoandikwa "mji wowote unaoanzia na M". Jina la jedwali ni lazima liwe limeandikwa wazi kabla swali halijaanza kufanya kazi.

Kwa hiyo njia ya kwanza, na ya uaminifu kabisa, ni kuyataja majedwali moja moja na kuyapanga mfululizo:

SELECT tarehe, mteja, kiasi FROM mauzo_01_2019
UNION ALL
SELECT tarehe, mteja, kiasi FROM mauzo_02_2019;

Maana yake ni kuchukua mistari ya Januari, kisha chini yake kubandika mistari ya Februari, kama mtu anayeshona kurasa za daftari la pili mwishoni mwa la kwanza. Kwa miezi 60 utaandika hivyo mara 60. Inachosha, lakini ni sahihi.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na naomba twende taratibu. Wanasikia "kuunganisha majedwali" na wanakimbilia JOIN, kwa sababu ndilo neno la kwanza wanalofundishwa. JOIN ni kazi nyingine kabisa. JOIN huweka madaftari mawili ubavu kwa ubavu: daftari la mauzo upande huu, daftari la wateja upande ule, na kwa kila mauzo unatazama namba ya mteja na kwenda kusoma jina na simu yake. Ni kwa vitu viwili tofauti vinavyohusiana. Mauzo ya Januari na ya Februari ni kitu kilekile cha nyakati mbili. Hayo hupangwa moja chini ya jingine.

Ukikosea, kompyuta haikuonyi. Tuseme fundi alinunua mara 3 Januari, kila mara shilingi 10,000, na mara 4 Februari, kila mara shilingi 5,000. Jumla ya kweli ni 50,000. Ukiyaweka majedwali hayo kwenye JOIN kwa namba ya mteja, kila mstari wa Januari utashikana na kila mstari wa Februari, na utapata mistari 12. Ukijumlisha, Januari inakuwa 120,000, Februari 60,000, na fundi wako anaonekana ametumia 180,000. Hakuna maandishi mekundu wala mlio wowote. Ripoti inatoka safi, inapelekwa kwa bosi, na bosi anaagiza mzigo kwa kuitegemea.

Mtego wa pili ni mdogo kwa macho, neno moja tu. Kuna UNION na kuna UNION ALL. Wapo wanaodhani ni kitu kimoja, kwamba ALL ni pambo. UNION bila ALL huondoa mistari inayofanana neno kwa neno. Chukua duka la dawa: asubuhi mtu ananunua vidonge vya shilingi 2,000, jioni mwingine ananunua vidonge vilevile kwa bei ileile. Kama swali lako linachukua tarehe, bidhaa na kiasi peke yake, mistari hiyo miwili haina tofauti, na UNION itabakiza mmoja. Pesa iliingia mara mbili, ripoti inasema mara moja. Hufanya hivyo hata kama mistari yote miwili imetoka katika jedwali moja. Kwa mauzo, malipo, mahudhurio, chochote kinachohesabiwa, andika UNION ALL. UNION peke yake iache kwa swali kama "nipe orodha ya wateja wote bila kurudia jina".

Na mtego wa tatu: kubandika huko hufuata nafasi, hakusomi vichwa. Safu ya kwanza ya juu hukutana na safu ya kwanza ya chini, ya pili na ya pili. Kama mwaka 2019 mpangilio ulikuwa tarehe, mteja, kiasi, na mwaka 2021 mtu akautengeneza upya ukawa tarehe, kiasi, mteja, na namba za wateja ni tarakimu kama fedha zilivyo tarakimu, basi namba ya mteja 40512 itajumlishwa kama shilingi 40,512. Ndiyo maana nakataza ule mkato wa kuandika nyota badala ya kutaja safu. Taja safu kwa majina, kwa mpangilio uleule, katika kila kipande. Pale dukani majedwali ya miaka ya mwanzo hayakuwa na safu ya namba ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), iliongezwa baadaye. Kwa miezi hiyo tuliandika NULL mahali pake, yaani nafasi tupu inayokiri kwamba ni tupu.

Jambo moja zaidi kabla hatujaenda mbele. Mistari ikishabandikwa pamoja, hujui tena upi ulitoka wapi, kwa sababu jalada limebaki nyuma. Basi kwa kila kipande ongeza safu ya asili: '2019-01' AS mwezi, '2019-02' AS mwezi. Kwa kufanya hivyo unaitoa taarifa kwenye jina na kuirudisha ndani ya ukurasa. Na ukiandika mwezi, anza na mwaka. Majina kama mauzo_01_2019 yakipangwa kialfabeti huweka Januari zote tano pamoja, kisha Februari zote tano, na mtu anayesoma orodha kwa haraka anaruka miezi bila kujua.

Sasa, kuandika vipande 60 kwa mkono ni kutafuta makosa, na hapa ndipo kanzidata inaposaidia. Karibu zote zina orodha ya majedwali yao wenyewe, na orodha hiyo nayo ni jedwali unaloweza kuliuliza. Kwenye programu za kanzidata kama PostgreSQL, MySQL na SQL Server huitwa information_schema.tables, kwenye SQLite ni sqlite_master, Oracle ina user_tables. Unaiomba majina yote yanayoanza na mauzo, kisha unaitumia orodha hiyo kuandika swali refu: programu inaunganisha maneno, jina baada ya jina, na mwishoni inaikabidhi kanzidata swali lililokamilika. Wataalamu huita dynamic SQL, yaani SQL inayojitunga.

Tulipoifanya mara ya kwanza, Machi 2022 ilitoka maradufu. Mhasibu aliliona upesi kuliko mimi, kwa sababu mwezi ule anaukumbuka: mvua zilinyesha na ujenzi ulisimama. "Haiwezekani," akasema, "Machi ile tulikuwa tunasinzia hapa." Tukaitazama orodha ya majedwali. Kulikuwa na mauzo_03_2022, na kulikuwa na mauzo_03_2022_nakala. Kuna siku fundi wa mfumo alitaka kurekebisha kitu, akatoa nakala kwa tahadhari, kisha akaisahau. Jina lake linaanza na mauzo, kwa hiyo lilichukuliwa pamoja na mengine.

Katika utafutaji wa majina, alama ya asilimia humaanisha herufi zozote, na mstari wa chini, ule ule tunaoutumia kutenganisha maneno, humaanisha herufi yoyote moja. Ukiandika LIKE 'mauzo_%' unafikiri umesema "mauzo, mstari wa chini, kisha chochote", kumbe umesema "mauzo, herufi yoyote, kisha chochote", na jedwali liitwalo mauzoya_mkopo nalo linaingia. Kwa hiyo orodha ya majina isomwe kwa macho ya mtu anayeijua biashara kabla haijatumika, kila mara. Sioni njia ya mkato hapo.

Kujitunga huku kuna hatari nyingine mbili. Wanaotumia MySQL mara nyingi huunganisha vipande kwa GROUP_CONCAT, ambayo kwa kawaida yake hukatisha maandishi yakifika baiti 1,024. Kipande kimoja cha swali letu kina herufi kama 57, kwa hiyo unafika jedwali la 17 au la 18 na maandishi yanakatwa. Hapo una bahati, kwa kuwa hukatikia katikati ya neno na swali linagoma. Kukatika kwa kimya ndiko kubaya. Mwaka 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa inakusanya mafaili ya majibu ya Korona kutoka maabara na kuyaweka katika faili la Excel la muundo wa zamani, lenye mwisho wa mistari 65,536. Yaliyozidi hayakuingia. Wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Ile haikuwa kanzidata, lakini kosa ni lilelile: vipande vingi vikakusanywa kuwa kimoja, na hakuna aliyelinganisha idadi iliyoingia na iliyotoka.

Hatari ya pili ni usalama. Kwa kuwa jina la jedwali linaunganishwa kama maneno, mtu akiruhusiwa kuliandika jina hilo kwenye kisanduku cha skrini anaweza kuandika amri badala ya jina. Tumia majina yaliyotoka kwenye orodha ya kanzidata yenyewe, na uyafunge kwa chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo: quote_ident kwenye PostgreSQL, QUOTENAME kwenye SQL Server.

Swali refu likishakubalika, unaweza kulihifadhi kama mwonekano, yaani jedwali la kivuli lisilo na data yake, linalosoma mengine kila unapoliuliza. Ukiliita mauzo_yote, kuanzia hapo mhasibu anauliza jina moja. Ila mwonekano haujui kwamba mwezi mpya umeingia. Siku mfumo unapounda mauzo_01_2024, mauzo_yote inaendelea kuishia Desemba, na Januari inaonekana duka limefungwa. Ni lazima uandikwe upya kila jedwali jipya linapozaliwa.

Sio kwamba kila aliyegawa majedwali alikosea. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, inapoendesha tovuti nyingi kwa pamoja huipa kila tovuti mpya majedwali yake 10: wp_2_posts, wp_3_posts na kuendelea, huku wp_blogs ikitunza orodha ya tovuti. Hapo mgawanyo una maana, kwa sababu tovuti moja haina sababu ya kusoma ya jirani, na ukitaka kuihamisha unabeba zake na kuondoka. Google Analytics, huduma ya kupima matumizi ya tovuti, nayo hupeleka data BigQuery, kanzidata ya Google ya mtandaoni, kwa jedwali moja kila siku, events_ na kufuatiwa na tarehe. Kwa miaka miwili ni majedwali zaidi ya 700. BigQuery ina ruhusa ambayo SQL ya kawaida haina: unaandika nyota mwishoni mwa jina, na tarehe unazichuja kwa _TABLE_SUFFIX. Hata huko mtego wa jina haujakwisha. Kuna majedwali yanayoanza na events_intraday_, ya siku ambayo haijafungwa, na events_* inayachota nayo. Google wenyewe, katika maelekezo yao, wanashauri jedwali moja lililogawanywa kwa ndani kuliko majedwali mengi yenye tarehe kwenye majina.

Watu hunijibu: "Lakini ukiweka miaka mitano pamoja si mfumo utakuwa mzito?" Imani hii ndiyo iliyozaa majedwali 60, na inatoka kwenye kaunta buku. Kompyuta ina faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: hupekui kurasa zote kutafuta neno, unaangalia faharasa na kwenda ukurasa husika. Kwenye safu ya mteja yenye faharasa, kumpata fundi mmoja katika mistari milioni moja ni hatua chache, na kwenye milioni kumi ni hatua chache tu kuzidi hizo. Kinyume chake, majedwali 60 ni faharasa 60 za kufungua moja baada ya nyingine. Nimekuta mifumo mizito ambayo dawa yake ilikuwa faharasa moja iliyokosekana.

Data ikiwa kubwa kweli, kanzidata za leo zinaweza kuligawa jedwali zenyewe. PostgreSQL imekuwa na njia rasmi ya kutangaza mgawanyo tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Kwa nje unaona jedwali moja, mauzo. Kwa ndani kuna vyumba vya mwezi mmoja mmoja, na ukiuliza Machi 2022 inafungua chumba hicho na kuviacha vingine. Mwezi wa zamani ukitaka kuutoa, unauondoa chumba kizima bila kufuta mstari kwa mstari. Faida ya madaftari mengi unabaki nayo, lakini safari hii kanzidata yenyewe ndiyo inayojua kwamba ni ndugu.

Duka lile lilikuwa linatumia PostgreSQL, na hilo lilitupunguzia kazi, kwa sababu majedwali ya zamani hayahitaji kunakiliwa. Baada ya kutoa nakala ya akiba ya kila kitu, tukaunda jedwali mama lililogawanywa kwa tarehe, tukasawazisha safu, kisha tukayaunganisha yale 60 moja moja kwa amri ya ATTACH PARTITION, kila moja likitajiwa mipaka yake: kuanzia tarehe 1 ya mwezi hadi kabla ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kabla ya kulipokea jedwali, PostgreSQL hukagua kila mstari ndani yake. Yakapita ya 2019, yakapita ya 2020. Mauzo_09_2021 likakataliwa.

Mhasibu akafikiri tumeharibu. Tukaliuliza jedwali lile lituonyeshe kila tarehe isiyo ya Septemba, na ikatoka mistari sita ya Oktoba 1, yote ya asubuhi. Siku ile mtu alichelewa kufunga mwezi, na mauzo yakaendelea kuingia kwenye daftari lenye jalada la Septemba. Kwa zaidi ya miaka miwili ripoti ya Septemba ilikuwa imezidi na ya Oktoba imepungua, na hakuna aliyeweza kuliona, kwa kuwa kitu pekee kilichokuwa kinasema "hii ni Septemba" ni jina. Tukaihamisha mistari sita kwenye jedwali lake, jedwali likapokelewa, tukaendelea na la Oktoba.